Chaki kwenye Nati

Hadithi hii ni ya kweli, kuanzia neno la kwanza mpaka nukta ya mwisho. Naapa kwa goti langu la kulia, lile linalolia kama bawaba kavu kila ninapoinuka kitini. Nikikutwa nimetia chumvi hata punje moja, nitasugua rimu zote nne za pikapu ya binti yangu kwa mswaki wangu mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu. Na mswaki wenyewe bado mpya.

Haya, sikilizeni.

Kwetu nyumbani siku huanza na boneti. Kabla chai haijachemka, binti yangu huwa ameshafungua boneti ya pikapu yake, amepima oili, ametazama maji, na amebonyeza mkanda wa feni kwa kidole kuona kama umelegea. Yeye ni dereva. Hubeba mbao, saruji, makochi ya watu wanaohama, na mara nyingine wagonjwa. Mume wake anafanya kazi mbali, huja wakati wa likizo tu, kwa hiyo pikapu ndiyo inayotuweka mjini. Ni kuukuu, imemzidi umri mjukuu wangu, lakini inavuta kwa magurudumu yote manne. Siku za matope hupita taratibu kama bibi harusi, huku magari mapya yamezama kando yanaomba msukumo.

Mjukuu wangu huyo ana miaka kumi na miwili. Jina la shuleni analo, ila tangu alipojua kutembea amekuwa akishinda gereji, na fundi akambatiza jina la Spana. Kazi yake ya asubuhi ni magurudumu. Mama yake amemfundisha utaratibu ambao sijauona kwa dereva mwingine. Ukishakaza nati ya gurudumu, unachora kwa chaki mstari mmoja unaoanzia juu ya nati na kuingia kwenye rimu. Nati ikilegea inazunguka kidogo, na mstari unakatika vipande viwili. Basi kabla ya safari mama huzunguka gari akitazama mistari tu. Ikiwa imenyooka, anawasha gari. Ikiwa imekatika, hakuna anayekwenda popote.

"Chaki ni kauli yako," alimwambia Spana siku aliyomkabidhi kipande cha kwanza. "Ukichora, ni kama umenitazama machoni ukaniambia, 'Mama, nimekaza.'"

Spana akakifunga kile kipande kwenye leso na kulala nacho.

Sasa, rimu za zamani za pikapu hiyo zilikuwa za chuma, zimeliwa na kutu, na mbili zilikuwa zimepinda kwa mashimo ya barabara. Kila asubuhi tairi zake zilikuwa zimelala. Mama alichoka kupiga pampu. Ndipo fundi akamletea habari kwamba kuna rimu nne za alumini, zimetoka kwenye pikapu ya aina ileile lakini ya toleo jipya zaidi.

Siku ya kuzifunga, Spana alikuwa gereji kabla ya fundi mwenyewe. Zile rimu zilikuwa safi ajabu. Niliweza kunyoa ndevu nikijitazama ndani yake, na zilipofika kwetu jogoo wetu alijiona humo, akadhani ni mgeni amekuja kumnyang'anya mitetea. Alipigana naye mpaka adhuhuri, na rimu ndiyo iliyoshinda.

Fundi hakuwa na haraka. Kwanza alichukua rimu tupu, bila tairi, akaipachika na kuizungusha kwa mkono, sikio karibu.

"Unasikiliza nini, Fundi?" Spana akauliza.

"Kama inagusa breki. Gari la zamani na rimu ya kisasa ni kama wachumba. Usiwafungishe ndoa kabla hawajakaa meza moja."

Haikugusa. Akasugua habu kwa brashi ya waya, maana habu ndiyo kitako ambacho rimu hukalia, na kutu ikibaki hapo rimu haikai sawa. Ya nyuma kushoto ilimtoa jasho. Kutu ilikuwa imeichimba mpaka ikawa na vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

Spana akamletea zile nati za zamani kwenye kopo. Fundi akatikisa kichwa.

"Hizo hapana. Tazama ncha yake, imechongwa kama koni, kwa sababu tundu la rimu ya chuma limepanuka mdomoni kama faneli. Tundu la rimu hizi limenyooka kama bomba. Linataka nati hii yenye shingo ndefu na washa pana, hii pete bapa ya chuma. Ukifunga za zamani zitashika kwa ncha tu, na siku moja utaona tairi lako linakupita barabarani, nawe umo ndani ya gari unalipungia mkono."

"Kwa hiyo hizi za zamani nitupe?"

"Thubutu. Tairi la akiba bado ni la rimu ya chuma. Ukipata pancha porini utazililia. Ziweke chini ya kiti."

Akafunga rimu zote, akazikaza kwa spana yake ya kipimo, ile inayolia "tak" nati ikifika inapotakiwa. Kisha akamwita mama na Spana pamoja.

"Dada, alumini ina tabia ya kutulia. Safari ya kwanza ikiisha, nati zinalegea kidogo hata kama nimekaza mimi. Lazima zikazwe upya, zote, hasa hili gurudumu la nyuma kushoto. Habu yake siiamini. Nakuazima spana yangu ya kipimo, usije ukaisahau mvuani."

"Spana na Spana watakaza," mama akasema, na mjukuu wangu akavimba kwa fahari mpaka vifungo vya shati vikalalamika.

Safari ya kwanza ilikuwa ya sokoni na kurudi. Kesho yake alasiri, Spana akatoka na ile spana ya kipimo, goti chini, akaanza. Mbele kulia, tak, chaki. Mbele kushoto, tak, chaki. Alikuwa anamalizia nyuma kulia rafiki yake Njiti alipochungulia getini. Njiti ni mrefu na mwembamba kama jina lake, na ndiye mfungaji wa timu yao ya mpira wa pete.

"We Spana, njoo bwana. Wale wa darasa la saba wameshafika na wanacheka. Wanasema mlinzi wetu amekimbia."

"Nimebakiza gurudumu moja."

"Litaondoka hilo? Linakwenda wapi bila wewe?"

Gurudumu lililobaki lilikuwa la nyuma kushoto. Pikapu ilikuwa imeegeshwa karibu na ukuta upande huo, na chini palikuwa na tope la maji ya kufulia. Ilibidi kujibana, kulowana magoti, na ile spana ni ndefu. Spana akatazama tope, akatazama geti. Akainama, akatoa chaki, akachora mistari kwenye nati zote za gurudumu lile, mizuri, iliyonyooka kama ya mwalimu. Akaondoka mbio.

Nadhani alikusudia kurudi akazikaze. Wengi wetu hukusudia kurudi.

Mchezo ulichelewa kwisha. Aliporudi, mama yake alikuwa ameshazunguka gari.

"Safi, mama," alimwambia, akimpapasa kichwa. Kwetu mama humwita bintiye mama, na hilo ndilo neno lake la mapenzi. "Mistari imenyooka kuliko yangu. Kesho asubuhi nampeleka wifi yangu hospitali ya bondeni. Siku zake zimekaribia, daktari anataka akae karibu."

Wifi huyo ni shangazi yake Spana, dada wa baba yake. Alikuwa na tumbo kubwa, na mcheshi kupita kiasi. Alikuwa akisema mtoto wake atazaliwa anaendesha.

Spana akafungua mdomo kusema. Ile "safi" ilikuwa imemziba kama kizibo. Chakula alikipeleka huku na huku kwenye sahani. Akajiambia ataamka mapema kabla ya wote akakaze kimyakimya, na hakuna atakayejua. Lakini alikesha akijigeuza, na usingizi ukampata alfajiri, wakati ambao haukutakiwa.

Kilichomwamsha ni mlio wa pikapu. Alitoka nje na kanga mabegani. Mama yuko kwenye usukani, shangazi katikati, na mdogo wake Spana wa kiume tunayemwita Mkia, kwa kuwa haachi kumfuata mama yake, yuko dirishani anapunga mkono.

"Mama, ngoja," Spana akasema, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayetumaini kutosikika.

Gari likageuka kona. Ndipo akasikia. Ko. Ko. Ko. Mlio mdogo, wa nyuma kushoto, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja.

Barabara ya hospitali hupita juu tambarare kwa muda, kisha hushuka mteremko wa machimbo, mkali, upande mmoja ukuta wa mawe na upande mwingine hakuna kitu. Spana aliujua. Alishika simu ya nyumbani akapiga. Haipatikani. Mama akiendesha huzima simu na kuitupa kwenye droo ya dashibodi, na huo ni utaratibu wake mwingine ambao siku zote tulikuwa tukiusifu.

Spana akakimbia peku mpaka gereji. Fundi alikuwa anapiga mswaki nje, povu mdomoni.

"Fundi, gari la mama linagonga nyuma kushoto, na anashuka machimbo na shangazi."

Fundi akatema povu. "Nati zilikazwa baada ya safari ya kwanza?"

Hapo ndipo pagumu. Spana angeweza kusema ndiyo. Angeweza kusema labda rimu ni mbovu, labda habu. Fundi mwenyewe alikuwa haiamini ile habu. Lawama ilikuwa imeshapata mahali pa kukaa.

"Chaki ipo," akasema.

"Sikuuliza chaki."

Spana akatazama miguu yake yenye vumbi. "Nilichora tu. Hilo moja sikulikaza. Nilikwenda kucheza."

Fundi akajifuta mdomo. Aliingia ndani, akatoka na jeki ndogo na pikipiki. "Panda. Nishike vizuri. Kama hakuna hata moja iliyokazwa, tutaombeana njiani."

Mimi nami sikukaa bure. Nilipomwona mtoto akikimbia vile nikajua kuna jambo. Nikatupa fimbo, nikakata njia ya mkato kupitia mashambani, nikaruka mfereji mmoja, nikaruka wa pili, mbwa wa jirani akanifuata akachoka, nikamwacha. Nilitokea juu ya mteremko kabla ya pikipiki. Pikapu ile inakuja. Nikasimama katikati ya barabara, nikainua mikono yote miwili. Ilisimama bampa ikiwa imenigusa kifungo cha tumbo. Na hapo ndipo Fundi na Spana walipofika nyuma yetu.

"Mama, usishuke mteremko," Spana akasema huku akihema. "Gurudumu."

Mama akateremka. Akaenda nyuma kushoto akachutama. Ile mistari mizuri ya chaki ilikuwa imekatika yote, nusu kwenye nati, nusu kwenye rimu, kila moja ikitazama kwake. Akashika nati moja kwa vidole viwili. Ikazunguka kama kifuniko cha chupa. Nati mbili hazikuwapo kabisa.

Akageuza kichwa kutazama barabara ilivyoshuka mbele yake. Kisha akamtazama Mkia, aliyekuwa ametoa kichwa dirishani anauliza kama wamefika. Nilimwona mwanangu akishika ubavu wa pikapu kama mtu aliyeona kizunguzungu.

"Hii ni mistari yako," akamwambia Spana.

"Ndiyo, mama."

"Ulikaza?"

"Sikukaza. Nilichora tu, nikaenda kucheza. Halafu ukaniambia safi, nikashindwa kusema."

Shangazi akatoa sauti ndani ya gari. "Wifi, mnaongea nini huko? Huyu wa tumboni anauliza."

"Mwambie atulie, wifi. Tunabadilisha tairi."

Ilibidi kubadilisha kweli. Fundi alipolitoa gurudumu, matundu ya rimu yalikuwa yameanza kuliwa na nyuzi za boliti, yamekuwa na umbo la yai. "Hii imekwisha," akasema. "Siwezi kuirudisha." Akalishusha lile tairi la akiba la rimu ya chuma, lenye kutu kama kikaango kilichosahaulika. Spana akaingia chini ya kiti bila kuambiwa, akatoka na kopo la nati za zamani.

Fundi alitaka kuzikaza. Mama akamzuia kwa mkono.

"Mpe mwenyewe."

Basi Spana akapiga goti kando ya barabara, magari yanapita, watu wanachungulia. Akakaza kila nati, ya kulia kisha ya mkabala wake, kama alivyofundishwa. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye mikono yake, lakini mikono haikusimama. Alipomaliza la kushoto akazunguka magurudumu yote, moja moja. Kisha kwa mazoea akatoa chaki mfukoni.

Mama akanyoosha kiganja. Spana akaiweka humo.

"Leo nitazijaribu kwa mkono wangu," mama akasema, na akazijaribu zote. Kisha akachutama mbele ya mtoto, macho kwa macho. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Kutokukaza ni uvivu, mama. Uvivu nausamehe, hata mimi ninao. Ungeniacha na nati isiyo na chaki, ningeiona, ningekaza mwenyewe, tungecheka. Wewe ulichora. Uliyafunga macho yangu kwa mkono wako, nami nikaendesha hivyo, na mdogo wako ubavuni mwangu. Kazi isiyofanyika inaonekana. Kazi iliyodanganywa haionekani mpaka imemuumiza mtu."

Spana akaitikia kwa kichwa.

"Lakini umekuja," mama akaongeza, sauti ikimpungua. "Ungeweza kukaa nyumbani ukaomba Mungu. Umekuja ukasema. Kwa hilo tuko hapa tunaongea." Akaitia ile chaki kwenye mfuko wa shati lake, akafunga kifungo. "Hii nitakaa nayo. Utakaza kila siku, nami nitakagua kila nati kwa mkono, mpaka nitakapoona nimechoka kukagua."

Wakashuka mteremko gia nzito, polepole. Shangazi alijifungua salama siku chache baadaye, mtoto wa kike, na hakuzaliwa anaendesha. Rimu ya nne ya kufanana na zile haikupatikana. Mpaka leo pikapu yetu inatembea na tatu zinazometa na moja ya chuma yenye kutu, na wapita njia hucheka. Spana hacheki. Wala hajawahi kumwomba mama yake ainunulie kifuniko cha kuificha.

Hapo ndipo nilipotaka kuishia. Ila jana mchana nilimpa Spana karatasi hizi awasomee wote barazani, nipate sifa zangu. Alisoma vizuri. Alipofika kwenye mistari ya uongo hakuruka hata neno moja. Alisoma tope, akasoma mpira, akasoma "nilichora tu". Mama yake alikuwa anamenya viazi, kisu kikasimama.

Kisha akafika kwenye mfereji wa kwanza na mfereji wa pili.

"Babu," Mkia akasema, "mimi nilikuwa dirishani. Sikukuona."

"Ulikuwa mdogo wakati huo."

"Ilikuwa mwaka huu."

Fundi, aliyekuja kufuata spana yake ya kipimo kwa mara ya kumi, akajifanya anakohoa. "Mzee, pikipiki yangu ndiyo iliyotangulia. Tulilikuta gari limesimama kilele cha mteremko, shangazi anatapika. Lilipoanza kuondoka, Spana aliruka kabla sijafunga breki, akasimama mbele yake mikono juu. Bampa lilimgusa yeye."

"Na tuliporudi jioni," mama akasema, akiendelea na viazi, "tulikukuta kwenye kiti hikihiki, kofia usoni, fimbo mapajani. Uliuliza kama chai iko tayari. Baba, goti hilo halivuki hata kizingiti bila kukuaga."

"Jogoo je?" nikauliza.

"Jogoo ni kweli," wakakubali wote.

Nikamtazama Spana, nikamuuliza kwa nini hakunisahihisha, naye ndiye aliyesimama barabarani.

"Kwenye yale mabaya yangu ulisema kweli, Babu. Nikaona hayo mengine ni yako, utayasema mwenyewe."

Ndiyo maana mistari hii ya mwisho nimeiandika nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kando ya pikapu, mchana kweupe, majirani wamejaa getini, na Njiti amewaletea hao wa darasa la saba. Rimu tatu za alumini hazikunipa taabu. Ila niliapa rimu zote nne, na niliisahau ile ya nyuma kushoto. Mswaki umebaki kijiti, na kutu haijashtuka.

Spana amechutama pembeni yangu kukaza nati, goti ndani ya tope, bila haraka. Alipomaliza ya mwisho, mama yake alikuja kukagua kama kawaida. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye nati, ukaishia hewani. Akaurudisha, akafungua kifungo cha mfuko wa shati, akatoa kipande cha chaki kilichochakaa pembe.

"Chora, mama," akasema, akaingia ndani kuangalia chakula.